Miguu ya Mbele ya Friji la Bibi

Ni mimi niliyefupisha miguu ya mbele ya friji la bibi yangu. Nimelikana jambo hili kwa karibu miaka thelathini. Nilikana mbele ya fundi, nikakana mbele ya mama, nikakana kwenye simu kwa mjomba aliyekuwa Tanga. Miaka mingi baadaye, siku ya arobaini ya bibi mwenyewe, kisa hicho kilisimuliwa upya na watu wakacheka huku midomo imejaa pilau. Mimi nikacheka nao na kusema, "Jamani, bibi alikuwa na vituko!" Hapo nadhani nilivuka mpaka. Kumsingizia marehemu ni jambo moja, kumsingizia huku unakula pilau ya arobaini yake ni jingine.

Wanaosoma makala zangu wananijua kama mtu wa kuwanyooshea wengine kidole. Nimeandika sana juu ya wakubwa wasiokubali makosa yao, na wasomaji huniambia kwamba naandika kama mtu aliyewaingia moyoni. Sasa wajue nilikojifunza.

Bibi alikuwa na nyumba yake Kinondoni, enzi za Mwingereza, wakati watu wa mjini walikuwa bado wakiiita Kinondoni shamba. Alizaliwa Kimbiji, akaolewa, akafiwa na mume, kisha akaijenga nyumba ile mwenyewe, chumba kwa chumba, akiwa amesimama juu ya vichwa vya mafundi tangu msingi hadi bati. Alipofika kwenye sakafu aliwaambia waimwage saruji kwa mteremko, kutoka ukuta wa ndani kuja mlango wa uani, ili asubuhi akimwaga ndoo ya maji yatoke yenyewe. "Sitaki kuyabembeleza maji yatoke nyumbani kwangu," alisema. Mteremko ule ulikuwa mdogo, jicho halikuuona. Nimekulia juu ya sakafu ile na sikuwahi kuujua.

Alipopata ugonjwa wa sukari, mjomba alitaka kumhamishia Tanga. Mjomba alikuwa karani mkubwa bandarini kule, ana nyumba ya serikali na mke mwenye vitambaa vya mezani. Daktari alikuwa amesema bibi atahitaji sindano kila asubuhi, na dawa yenyewe lazima ikae kwenye ubaridi: isipate joto wala isigande. Mama yangu alikuwa muuguzi, kwa hiyo sindano haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa ubaridi. Mjomba akasema Tanga ana friji. Bibi akasema basi na alilete. Mabishano yalichukua miezi, na mwisho wake nguzo za umeme zilipofika mtaani kwetu, mjomba alishindwa, akanunua friji jingine, akaliagiza lipelekwe Kinondoni.

Kwa hiyo lile halikuwa friji tu. Ulikuwa mkataba. Likitunza dawa, bibi anabaki kwake. Likishindwa, bibi anakwenda Tanga kukaa kwenye kiti cha mgeni na kuuliza kama anaruhusiwa kuingia jikoni. Kila mtu aliyajua masharti hayo, hata sisimizi.

Naam, sisimizi. Miezi michache baadaye nilikuja likizo ndefu kutoka chuo kikuu, ng'ambo ya ziwa. Mtaa mzima ulikuwa haujapata kuwa na msichana aliyefika chuo kikuu, na mimi nilihakikisha hausahau. Nilikuwa nasoma historia na lugha, lakini shuleni niliwahi kufundishwa fizikia miaka miwili, na sikuona sababu ya kuuficha ujuzi huo. Nilikuta sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani, chini ya meza, hadi kwenye mlango wa friji. Kwa nini sisimizi walipande friji la mgonjwa wa sukari ni swali ambalo bibi hakupenda liulizwe. Nilipofungua nikakuta tende, zimefungwa kwenye kitambaa nyuma ya sufuria ya mchuzi.

"Za wageni," bibi akasema.

"Wageni gani, bibi?"

"Wewe si mgeni? Umekuja juzi. Badala ya kunihoji kama polisi, litie kabati hilo miguu kwenye makopo."

Hivyo ndivyo kila nyumba ilivyofanya kwa kabati la chakula. Kila mguu ulisimama ndani ya kopo lenye maji na mafuta ya taa kidogo juu yake, na sisimizi akifika hapo safari yake imekwisha. Bibi aliliita friji kabati la baridi, na kwake kabati ni kabati. Nilitafuta makopo manne bapa ya samaki. Friji lilikuwa zito kama ng'ombe aliyekataa kuamka, lakini sikuita mtu. Nilichukua mchi wa kutwangia na tofali moja, nikatengeneza wenzo, nikanyanyua kona moja baada ya nyingine. Nilikuwa peke yangu, na nilijipongeza kwa sauti.

Hapo ndipo nilipoiona kasoro. Miguu ya friji ilikuwa ya kuzungusha, kama parafujo zenye kiatu cha duara chini. Ile ya nyuma ilikuwa imeingia yote. Ile ya mbele ilikuwa imetokeza, karibu upana wa kidole zaidi. Nilicheka. Watu wa dukani walioleta friji, nikasema moyoni, hawakujua hata kusawazisha miguu minne. Nikachukua spana ya baiskeli ya marehemu babu, nikaizungusha ile ya mbele hadi ikalingana na ya nyuma. Nilipima kwa rula. Miguu minne, urefu mmoja. Kisha nikamimina maji na mafuta kwenye makopo, nikasimama mbali kidogo na kuitazama kazi yangu kama mtu aliyekisahihisha kiwanda cha Ulaya.

Sasa lazima nieleze jinsi friji lile lilivyokunywa na kutoa maji yake, maana ndipo penye kisa. Juu ndani kulikuwa na chumba kidogo cha barafu. Chini yake kulikuwa na trei ya bati, na nyuma kabisa ya trei tundu dogo lenye mpira ulioteremka mgongoni mwa friji hadi kwenye beseni chini. Kila Alhamisi tulilizima asubuhi. Barafu iliyojijenga juu iliyeyuka, maji yakadondoka kwenye trei, yakaenda kwenye tundu, yakashuka na mpira, na mchana bibi akalimwaga beseni kwenye mchicha wake. Dawa tuliiweka kwenye kopo la biskuti, rafu ya chini ya trei, na wakati friji limezimwa tulilifunga kopo hilo kwa kitambaa kilicholowa.

Alhamisi ya kwanza baada ya kazi yangu, beseni lilibaki kavu. Sikushangaa, nilidhani barafu ilikuwa chache. Tuliliwasha. Alhamisi ya pili, tulipofungua tukaikuta trei ina ubao wa barafu, na tundu limezibwa na kizibo cha barafu kigumu kama jiwe la kiberiti. Maji mapya hayakuwa na pa kwenda. Yalifurika ukingo wa trei, yakamwagikia mchuzi, yakashuka hadi sakafuni, na bibi akasimama kizingitini akishika kiuno.

"Mke mwenzangu," aliniambia. Alikuwa ameniita hivyo tangu nikiwa mdogo, kama bibi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Kabati limejikojolea."

Nilimwaga maji ya moto kwenye tundu, barafu ikatoka, nikatangaza ushindi. Wiki iliyofuata ikaziba tena. Safari hii hatukuwahi. Maji yaliyofurika yaliingia kwenye kopo la biskuti, na sisi bila kujua tukaliwasha friji. Kesho yake asubuhi mama alipofungua kopo ili amdunge bibi, alivikuta vichupa viwili vya dawa vimesimama ndani ya barafu kama vidole vilivyonaswa. Dawa iliyoganda haifai tena. Mama alikwenda kazini bila kunywa chai, akarudi mchana na kichupa kimoja alichokiomba kama sadaka, na jioni akakaa mezani akaandika barua Tanga. Mama alikuwa mkweli, jambo ambalo halirithiwi siku zote.

Jibu lilirudi haraka, nami nikalisoma kwa sauti kwa sababu bibi aliniamuru. Mjomba alisema ameagiza fundi wa duka aje kutazama. Alisema Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa nne, atapiga simu kwenye duka lililotazamana na nyumba yetu. Ikiwa trei imeganda tena, Jumapili anakuja na gari. Mama yake afungashiwe nguo chache tu, nyingine atashonewa huko.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nifungashiwe," alisema. "Kama kitumbua."

"Mama, ni kwa ajili ya afya yako," mama yangu alisema.

"Afya yangu iko hapa. Anayeitaka aje aitazamie hapa. Nimeijenga nyumba hii mwenyewe, nimelea mjukuu kwenye nyumba hii, halafu nitolewe na maji ya trei?" Alinigeukia. "Na wewe uliyesoma. Tundu moja linakushinda?"

Lilikuwa limenishinda. Lakini nilikuwa na siku saba na kiburi cha kutosha. Nilifanya yote. Nilipitisha spoku ya baiskeli kwenye tundu nikiamini kuna uchafu: ikatoka punje moja ya wali, nikaionyesha nyumba nzima kama mwizi aliyekamatwa. Tundu likaganda tena. Nikatia chumvi kwenye trei, maana chumvi huyeyusha barafu: bati likaanza kupata kutu, na tundu likaganda tena. Nikautoa mpira wote, nikaupuliza, nikauosha, nikaurudisha. Likaganda. Kila asubuhi nilipofungua, ukanda wa barafu ulikuwa umelala kwenye trei, na kila nilipoufikiria niliona ni uasi dhidi yangu binafsi. Jambo moja sikuligusa kabisa, hata kwa mawazo: chini. Huko nilikuwa nimekwisha kusahihisha.

Fundi alikuja Jumatatu. Alivaa kaptura nyeupe na soksi ndefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru, hata alipokuwa anauliza. Hakupiga goti. Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua.

"Watu wangapi nyumba hii?"

"Watatu," mama akajibu.

"Na majirani?"

"Majirani wana nyumba zao," bibi akasema.

"Shida ni mlango. Nyinyi mnafungua mlango kila saa. Joto linaingia, linakuwa maji, maji yanakuwa barafu. Hiki chombo si mlango wa choo." Akazungusha kile kidude cha namba, akapunguza baridi. "Kuna mtu amegusa kitu chochote?"

"Hapana, bwana," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza niliyokana, na ile "bwana" ndiyo inayoniuma zaidi.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. "Mlango umeuona," akamwambia. "Na choo umekiona, ingawa hakuna aliyekuonyesha. Tundu hujalitazama."

Fundi akaandika kitu kwenye daftari lake, akararua karatasi, akampa mama, akaondoka. Niliisoma karatasi ile. Ilikuwa ya Kiingereza, mstari mmoja: chombo ni kizima, watumiaji hawafuati maelekezo. Mama aliikunja ndogo sana, akaitia chini ya taa ya meza. Najua kwa nini aliificha. Karatasi kama ile ikifika Tanga ingekuwa hukumu.

Kwa ubaridi aliouacha fundi, kesho yake vichupa vilikuwa vuguvugu. Mama alivishika, akatikisa kichwa, akarudisha namba ilipokuwa. Basi tulikuwa kati ya mawili: dawa iungue au iogelee. Nami, badala ya kumkasirikia mwenye soksi, nilimgeukia bibi.

"Lakini kweli, bibi, na wewe unafungua mno. Kila saa maji ya baridi, kila saa tende. Chombo hiki kinataka nidhamu."

Bibi alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu, taratibu.

"Ehee," akasema. "Zimekubakia soksi tu, mke mwenzangu."

Nimepata tathmini nyingi za maandishi yangu tangu siku ile, nyingine kutoka kwa maprofesa. Hakuna iliyofika pale ilipofika sentensi hiyo. Maana ilikuwa kweli. Miaka yote ile nilikuwa nikisoma vitabu ili siku moja nisimame mbele ya mtu kama yule fundi na kumwambia kwamba kusema hawa watu hawajui si jibu, na mara ya kwanza niliyopata nafasi nikachukua maneno yake nikampiga nayo bibi yangu.

Jumatano bibi aliamka akaamua kudeki. Mama alikuwa kazini. Nilimwambia apumzike, nitadeki mimi. Akasema ikiwa Jumapili anachukuliwa, basi sakafu yake aiache safi, na ikiwa hachukuliwi, basi sakafu yake ni yake. Alikunja kanga juu ya magoti, akachukua ndoo, akaenda hadi ukuta wa ndani, akamwaga.

Nilikuwa nimekaa mbele ya friji, mlango wazi, nikibandua barafu kwa kijiko. Maji yalikuja yakipita pande zote mbili za makopo yangu, yakanilowesha makalio, yakaendelea hadi mlango wa uani na kushuka ngazi.

"Inuka, unazuia maji," bibi akasema. Akaitazama trei niliyokuwa naipigania, akautazama mkondo wa maji sakafuni. "Maji yote ya nyumba hii yanakwenda uani. Hayo yako ya humo ndani ndiyo unayataka yaende ukutani. Yatapandaje?"

Nilikuwa nimetazama chini, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya rula. Katika kila kopo mafuta yalikuwa yamejaa upande wa mbele hadi karibu kumwagika, na upande wa nyuma bati lilikuwa limeachwa kavu. Makopo manne, yote yakisema jambo lilelile, wiki nne mfululizo, chini ya pua yangu. Friji lilikuwa limeinamia uani kama kila kitu katika nyumba ile. Tundu lilikuwa nyuma. Wale watu wa dukani walioleta friji, niliowacheka, walikuwa wameutambua mteremko wa sakafu na kurefusha miguu ya mbele ili trei irudi nyuma kidogo. Mimi nikaja na rula nikawasahihisha. Kila Alhamisi barafu iliyeyuka, maji yakabaki mbele ya trei, mengine yakilamba tundu bila kuingia, na tukiwasha umeme yakaganda hapohapo.

Ningeweza kusema palepale. Ilikuwa sentensi moja. Nikafunga mlango wa friji nikasema, "Nitaendelea baadaye, bibi."

Nilisubiri adhuhuri. Bibi alipoingia chumbani kuswali, nikachukua mchi, tofali na spana. Nilinyanyua kona ya kulia, nikazungusha mguu kuutoa nje, nikanyanyua ya kushoto, nikazungusha. Niliweka bakuli la maji juu ya friji na kulitazama mpaka maji yakaegemea nyuma kidogo, upande wa ukuta. Nikayeyusha kizibo kwa maji ya moto. Kisha nikamimina kikombe cha maji kwenye trei, nikatega sikio. Maji yalitambaa kwenda nyuma kama yaliyoitwa, yakatoweka, na chini mgongoni nikasikia tone ndani ya beseni, halafu jingine, halafu mchirizi. Nilikaa sakafuni nikacheka kwa mikono mdomoni.

"Nani kashika miguu ya kabati?"

Bibi alikuwa nyuma yangu, bado na kanga ya sala.

"Miguu? Sijui, bibi. Nimeona haiko sawa, nimeirekebisha. Labda ni wale walioleta friji."

Aliinama, akauokota mchi wake. Kwenye ncha ulikuwa na michirizi miwili ya rangi nyeupe ya friji: mmoja mbichi, wa siku ile, na mwingine uliokwisha kuingia weusi wa kutwangia. Aliupitisha kidole huu, kisha ule.

"Wale walioleta," akasema, "walikuja lini kuniazima mchi?"

Akaurudisha kwenye kinu. Hakurudi tena kwenye swali hilo, na mimi nilijiona nimeokoka.

Alhamisi tulilizima friji saa mbili asubuhi. Mama alikuwa ameomba kuchelewa kazini. Tulikaa watatu mbele ya mlango ulio wazi kama watu wanaongoja mkunga atoke. Barafu ilianza kudondoka. Trei ikapokea, maji yakarudi nyuma, na beseni likaimba hadi likajaa robo tatu. Mama alipeleka kidole kwenye trei, akakitazama. Unyevu tu. Alituangalia mmoja mmoja.

"Mmefanya nini?"

"Miguu ilikuwa haiko sawa," nikasema.

"Nani aliiharibu?"

"Hata sijui, mama."

Bibi alikuwa ameinama akilichukua beseni. Alilipeleka kwenye mchicha bila kugeuka. Tuliliwasha friji, na Ijumaa alfajiri mama alipomdunga, trei ilikuwa kavu, tundu wazi, na kopo la biskuti lina ubaridi wake tu.

Lakini trei kavu ya siku moja si ushahidi kwa mtu wa Tanga mwenye gari, na zaidi ya hapo fundi alikuwa amempelekea nakala ya karatasi yake. Tulilijua hilo saa nne na dakika chache, mwenye duka alipotoka barazani kwake akapunga mkono kutuita. Bibi alikuwa amevaa tangu asubuhi: baibui lililopigwa pasi, viatu vya Idi. Mwenye duka alimwekea kiti, bibi akakataa, akabaki amesimama kando ya magunia ya mchele. Nilichukua mkono wa simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Trei?"

"Kavu, mjomba. Jana tumeyeyusha, maji yote yameshuka."

"Hii karatasi ya fundi inasema hamfuati maelekezo."

"Fundi hakupiga goti, mjomba. Shida ilikuwa miguu. Ya mbele ilifupishwa, maji yakawa hayarudi kwenye tundu. Tumeirefusha, limepona."

"Ilifupishwa." Waya ulivuma. "Miguu ya chuma haijifupishi. Nani kaifupisha? Maana kama hapo nyumbani kuna mtu anayechezea chombo kinachoshika uhai wa mama, leo miguu, kesho nini? Siwezi kumwacha. Nani?"

Nilikuwa na sentensi yangu mdomoni, safari hii nusu yake ilikuwa imekwisha kutoka. "Mjomba, sijui, labda wale walioli..."

Mkono wa simu uliondoka sikioni mwangu. Bibi hakuwahi kuzungumza kwenye simu maishani mwake. Aliushika kwa mikono miwili kama anavyoushika mchi, na alizungumza kwa sauti ile ile aliyozungumza na mafundi wa sakafu.

"Ni mie," akasema.

Sauti ya mjomba ilitoka ndogo, ikiuliza kitu.

"Nimesema ni mie. Nimeipunguza mie, nimeona imekataa, nimeirudisha mie. Kwa mchi wangu na spana ya baba yako." Wakati anasema hayo alikuwa ananitazama mimi, na hakupepesa. "Nyumba yangu, sakafu yangu, kabati langu. Kama hukutaka niliguse, ungelipeleka kwa mwingine."

Sauti ndogo ikaanza tena, ndefu kidogo. Nilisikia neno umri.

"Umri ninao. Mtu wa umri wangu aliyenyanyua kabati la chuma kona mbili kwa mchi, unataka kumfungasha apelekwe wapi? Kupumzika?" Alihamishia mkono wa simu sikio la pili. "Haya. Jumapili usije na gari kunichukua. Njoo kula. Mlete na mke wako, mwambie aje bila vitambaa, hapa tunakula mkekani. Na yule mwenye soksi mwandikie kwamba mtumiaji kashayafuata maelekezo ya sakafu yake."

"Mama," mjomba akasema, na hilo nililisikia vizuri kwa sababu safari hii alilisema kwa sauti ya mtoto. "Basi mama. Kaa."

"Nimekaa," bibi akasema, akiwa amesimama, akanikabidhi mkono wa simu niurudishe mahali pake.